Viatu vya Mama viko chini ya kitanda

*Kikundi: Familia Yetu. Jumapili jioni*

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Jana Baba na Mjomba wamekimbia tena, kama kila Jumamosi. Nimefurahi. Ila kuna jambo linaniuma: nani amewahi kumwona Mama akitoka kufanya mazoezi wiki mbili mfululizo?

Baba: Mama yenu hatulii kutwa nzima. Hayo si mazoezi?

Dada Mkubwa: Kazi za nyumbani zinahesabika Baba, sikatai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa mwendo ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Tena wanataka angalau siku 2 za kukaza misuli. Kuosha vyombo hakukazi mapaja.

Mjomba: Mwenye nia hakosi nafasi. Mimi saa 11 alfajiri niko macho.

Mama: Kaka, nia ninayo. Hata viatu nilinunua, viko chini ya kitanda. Jumatatu iliyopita nilivivaa. Nafunga kamba ya kwanza, naulizwa soksi ziko wapi. Nikazitafuta. Nikarudi kwenye kamba ya pili, binti haoni daftari lake. Ilipofika saa 1 nikavivua.

Shangazi: Pole wifi yangu. Na hauko peke yako. Mwaka 2022, duniani kote, wanawake asilimia 34 hawakufikia hicho kiwango, wanaume asilimia 29. Watu wakisikia hivyo wanasema wanawake ni wavivu. Waulize kwanza nani anaamka kuandaa nyumba.

Mjomba: Dada, hilo la kamba sikulijua. Nisamehe.

Kitindamimba: Hata shuleni iko hivyo. Mapumziko wavulana wanachukua uwanja wote, sisi tunakaa pembeni. Niliacha kikapu kwa sababu hiyo, sikuchoka.

Dada Mkubwa: Na umri wako unahitaji dakika 60 kila siku, mdogo wangu! Mwambieni mwalimu awagawie siku zenu.

Bibi: Marahaba wanangu. Mimi nina miaka 71. Mwaka juzi sikuweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mtaalamu wa viungo akaniambia: kaa, inuka, mara 5 kila asubuhi. Kisha simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Wiki za mwanzo mapaja yalitetemeka hadi nikaogopa. Leo nainuka mara 12, mikono nimeikunja kifuani. Mwanamke hedhi ikishakoma, mifupa hupungua uzito kwa kasi. Msimngojeshe mwanangu mpaka afike nilipokuwa mimi.

Babu: Na wanaume tusijisifu. Nilicheza mpira hadi miaka 38. Timu ilipovunjika, nikakaa miaka 20 bila hata kutembea. Wengi wetu tunafuata wenzetu, wenzetu wakiondoka na mazoezi yamekwisha. Sasa natembea na Bibi yenu jioni, na asiponiita mimi ndiye ninayemwita.

Shangazi: Hapo Baba umenigusa.

Kaka: Mama, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi ni zamu yangu. Kuamsha, chai, daftari, vyote. Wewe ukitoka usijibu simu.

Baba: Soksi zangu nitazitafuta mwenyewe. Mama watoto, nilikuwa silioni hili. Samahani sana.

Mama: Asanteni. Nimeshavitoa chini ya kitanda, viko mlangoni.

*Jumatatu, saa 1:10 asubuhi*

Mama: Nimerudi. Dakika 25! Kwenye kilima pumzi zilikata, nikapunguza mwendo mpaka nikaweza kuongea, nikaendelea. Miguu inawaka moto lakini nina furaha.

Bibi: Hongera mwanangu. Jumatano usiongeze kasi, rudia hiyohiyo.

Kaka: Daftari tumelipata. Lilikuwa juu ya friji.