Tamthilia za upelelezi na kiwewe: je, tunaonyeshwa ukweli?

Mtazamaji wa Tanga
Ndugu zangu, nimemaliza kutazama Mare of Easttown, tamthilia ya Marekani ya mwaka 2021 yenye sehemu 7, ambamo Kate Winslet anaigiza Mare, mpelelezi wa mji mdogo huko Pennsylvania ambaye mwanawe wa kiume alijitoa uhai. Kilichonigusa zaidi ya mauaji anayoyapeleleza ni jinsi anavyojitwisha kazi mchana na usiku ili asikutane na msiba wake. Kaka yangu alinusurika ajali ya basi, na hadi leo hushtuka mlango ukigongwa. Je, tamthilia hizi huonyesha kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, kama kilivyo, au hukitumia kumpamba mhusika tu?

Muuguzi
Pole kwa yaliyomfika kaka yako. Msiba na kiwewe si kitu kimoja, ingawa mara nyingi huandamana. Ninachokiamini katika tamthilia hiyo ni kule kukwepa: Mare hapandi darini, mahali alipofia mwanawe, hadi mwisho kabisa wa hadithi. Kukwepa mahali, watu na mazungumzo ni miongoni mwa dalili kuu za kiwewe, sawa na ndoto za kutisha, kushtukashtuka na ganzi ya hisia. Tamthilia nyingi huishia kwenye kumbukumbu inayomrudia mtu ghafla, kwa kuwa ndiyo inayopendeza katika picha, ilhali wagonjwa ninaowapokea hulalamikia usingizi, kichwa na moyo kwenda mbio muda mrefu kabla ya kulitaja tukio lenyewe.

Msomaji wa Nakuru
Naongeza Happy Valley ya Uingereza, iliyoandikwa na Sally Wainwright na kuonyeshwa kwa misimu 3 kati ya 2014 na 2023. Ann, binti anayetekwa nyara katika msimu wa kwanza, hasahauliki baada ya kuokolewa. Msimu wa pili tunamkuta akifanya kazi na polisi, huku pombe ikimlemea. Katika tamthilia nyingine, mhalifu akishatiwa pingu, aliyeumizwa hatuonyeshwi tena.

Mwalimu
Mnazisifu mno tamthilia hizi. Zipo nyingi ambazo muuaji hupewa ugonjwa wa akili kuwa sababu pekee ya ukatili wake, ilhali watu wenye maradhi makali ya akili hudhulumiwa mara nyingi kuliko wanavyodhulumu wengine. Mtazamaji humwogopa jirani anayesikia sauti, na familia humficha mgonjwa wao chumbani badala ya kumpeleka hospitali. Hilo linaniuma.

Mtazamaji wa Tanga
Nimekuelewa, Mwalimu. Dada Muuguzi, je, nimwalike kaka tuitazame pamoja?

Muuguzi
Mweleze kwanza ina nini ndani yake, kisha mwache aamue mwenyewe. Akisema hapana, usimshurutishe. La haraka zaidi ni kumsindikiza kliniki ya afya ya akili, kwa sababu kushtuka huko kunatibika hata kama ajali ilitokea zamani.