Nataka kumpeleka mzee Great Zimbabwe kutokea Mbeya, kile kilima atakiweza?

Kijana wa Uyole
Wakuu habari za humu. Mzee wangu kafundisha historia sekondari mpaka kastaafu, miaka yote anachora ubaoni ule ukuta wa Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa kale wa mawe kule Zimbabwe, na kuwaelezea watoto dhahabu ilivyokuwa inatoka kule inashuka bandari ya Sofala, Msumbiji, inakuja Kilwa, ila mwenyewe hajawahi kutia mguu. Juni nina likizo nataka nimpeleke. Je barabara inafaa kwa mtu wa umri wake au nijikamue tupande ndege? Na la pili ndo linaniumiza kichwa, nimeona picha magofu mengine yako juu kabisa kwenye mawe matupu na mzee goti la kulia linamsumbua, akitembea sana linavimba. Aliyefika atuambie kunapandikaje. Sitaki nimfikishe kote huko halafu aishie kuangalia kwa chini. Natanguliza shukrani.

Suka wa Tunduma
Hiyo njia ndo ofisi yangu. Tunduma mnavuka Nakonde mnaingia Zambia, kutoka hapo mpaka Lusaka ni kama kilomita 1,000, basi linakesha na mguu umekunjwa muda wote, goti litavimba hata mlima hamjauona. Kama mnakomaa na barabara basi laleni Lusaka, kesho yake mnashuka Chirundu, pale mpaka ni wa kituo kimoja mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili sehemu moja, mnavuka Zambezi mnaingia Harare mnalala tena, halafu Harare hadi Masvingo, mji ulio jirani na magofu, ni karibu kilomita 300 nyingine. Viza hatulipi sisi, sio Zambia sio Zimbabwe, ila kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano beba maana ukikutana na afisa mkorofi hapo ndo atakapokukamatia. Na kingine, Zimbabwe hela inayotembea mtaani ni dola, tafuta noti za 1 na 5 na zisiwe zimechanika. Ukitoa noti kubwa kununulia soda chenji unarudishiwa pipi, mi nina pipi za kutosha kwenye gari.

Mtu wa Mawe
Nimesoma Zimbabwe, Masvingo napajua, ngoja nijibu la mlima. Kwanza usiogope, hapo hakuna Rungwe, ni kilima cha mawe kinachoinuka kama mita 80 toka bondeni. Njia za kupandia ni zaidi ya moja. Ile ya kale ndo watu wanapenda kupigia picha, ngazi za mawe zinapenya katikati ya miamba mpaka kuna sehemu mnapita mmoja mmoja na mwenye kitambi anageuka ubavu, hiyo mzee aiache kabisa. Kuna ya kisasa inazunguka taratibu, apande hiyo na ashukie hiyo hiyo, maana goti bovu kelele zake utazisikia wakati wa kushuka. Mtafutie fimbo. Ingieni asubuhi geti likifunguliwa tu, Juni kuna baridi kweli kweli kule kwa hiyo sweta muhimu, ila kupanda na baridi ni afadhali kuliko kupanda na jua la saa saba.

Huko juu kuna boma la magharibi na la mashariki. La mashariki ndiko walikokutwa wengi wa wale ndege wa mawe, yule wa kwenye bendera yao. Msitegemee kuwaona juu lakini, wapo makumbusho hapo chini. Msipite haraka pale, simameni karibu kabisa muwaangalie, wamechongwa kwa jiwe la sabuni na kuna ambaye badala ya mdomo wa ndege ana lipsi za mtu, na vidole vya miguu vya mtu. Mi sijaona kitu kama kile popote.

Na hata goti likigoma kabisa, ule ukuta mzee aliokuwa anauchora uko bondeni, tambarare. Mita 11 kwenda juu pale palipo parefu zaidi, mzunguko kama mita 250, na jiwe limekaa juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kushikisha. Ndani kuna kichochoro chembamba kati ya kuta mbili kinakupeleka mpaka kwenye mnara wa duara. Wazungu waliuchimba chimba wakidhani kuna hazina wakakuta ni mawe tu mpaka ndani.

Mbishi Mstaafu
Watanzania bwana. Engaruka ipo Monduli, chini ya ukingo wa bonde la ufa, vijiji vya mawe na mifereji ya umwagiliaji ya mamia ya miaka, nani humu kafika? Mnavuka nchi mbili kwenda kutangaza utalii wa wenzenu.

Mtu wa Mawe
Engaruka aende, nani kakataza. Ila mkuu hata huko Masvingo anafuata ya kwetu. Kwenye uchimbaji pale ilipatikana sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, huyo huyo wa kasri la Husuni Kubwa ambaye Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta akitawala mwaka 1331. Shanga za kioo na vyombo vya China vimekutwa pia, vyote vimepandishwa kutoka pwani yetu hii. Halafu chukueni muongozaji pale getini, mzee amuulize enzi za Rhodesia, jina la Zimbabwe wakati wa walowezi. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver kasema 1905 kwamba waliojenga ni Waafrika, mwenzake Gertrude Caton-Thompson kaja 1929 kasema hivyo hivyo, lakini serikali ya walowezi iliendelea kung'ang'ania kwamba waliojenga ni wageni, mara Wafoinike wa Mashariki ya Kati, mara Malkia wa Sheba, mpaka Peter Garlake, mwanaakiolojia wao wenyewe aliyekataa hadithi hizo, ikabidi aondoke nchini 1970. Hiyo mada mzee ataongea na muongozaji mpaka wewe usikie njaa.

Kijana wa Uyole
Daah asanteni sana. Nimemsomea yote, hilo la sarafu kaniambia alikuwa analijua muda mrefu ila hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza. Goti limeamua, tunaenda kwa ndege Songwe Dar Harare, kurudi tutaona. Sasa malazi, nichukue gesti Masvingo mjini au kuna pa kulala huko huko?

Mtu wa Mawe
Mjini rahisi lakini magofu yako karibu kilomita 30 kutoka hapo, na kombi, daladala za huko, asubuhi zinasubiri zijae, mtafika jua limeshawaka. Laleni karibu na magofu, kuna hoteli jirani na geti na sehemu za kambi pia. Chukueni usiku wa pili, siku ya kwanza kilima, ya pili bondeni, mzee asikimbizwe.

Suka wa Tunduma
Mkirudi kwa barabara nistueni Chirundu, mzee siti ya mbele ipo ananyoosha mguu.