Mrejesho: ile sukari ya 9.2 iliyoninyima usingizi

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka niliuliza kama sukari ya damu ya 9.2 (kwa mmol/L) ndiyo kisukari, na nikasahau kuwaambia kwamba nilijipima kwa kidole nusu saa tu baada ya kula. Mlinisema, na mlikuwa na haki.

Nilifunga kula kwa muda wa saa nane, usiku kucha, maji tu, asubuhi nikatolewa damu ya mshipani. Majibu: 6.2. Daktari akaongeza kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita na hakihitaji kufunga. Kikasoma asilimia 5.9.

Akanieleza hivi: ukiwa umefunga, kisukari kinaanzia 7.0, na kwa HbA1c ni asilimia 6.5. Tena kama huna dalili, hawakupi jina hilo kwa kipimo kimoja, lazima kirudiwe. Hiyo 9.2 ya baada ya kula haikumshtua hata kidogo. Kipimo cha wakati wowote kinaanza kutisha kikifika 11.1, hasa ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara.

Kwa hiyo sina kisukari, ila siko salama kabisa pia. Nipo katikati, wanaita hatua ya kabla ya kisukari. Sikupewa dawa. Nimeambiwa nipunguze uzito, nitembee angalau dakika 30 siku tano kwa wiki, na vinywaji vya sukari niviache (hapo ndipo pananiuma). Narudi kupima baada ya miezi sita.

Aliyeniambia niache kujitoboa kila baada ya saa mbili, asante. Vidole vimepona.