Taa ya pikipiki inafifia nikiteremka kona za Soni: nifunge LED au rilei?

Kijana wa Soni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua umeme wa pikipiki, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Soni, na kazi yangu kubwa ni ya usiku. Nateremsha mapeasi na kabichi hadi Mombo kuwahi magari ya Dar, kisha napandisha abiria walioshushwa na mabasi. Pikipiki ni cc 150, nipo nayo mwaka wa nne. Balbu yake ya mbele ni wati 35 fulu na 35 dimu. Barabara ikiwa tambarare, gia ya nne, inamulika vizuri. Shida ni mteremko. Nikiachia mafuta tu mwanga unashuka, na nikitia nyutro kubana petroli inabaki nyekundu kama kibatari.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nashuka saa tano usiku na matenga mawili, nimetia nyutro, ukungu ndiyo unaanza kutanda. Nilisikia nyayo za mtu kabla sijamwona. Alikuwa mama, mzigo wa kuni kichwani, anatembea ukingoni upande wangu wa kushoto. Nilimpita kwa nafasi ya shubiri moja, na tenga likakwaruza kuni zake. Nilisimama miguu ikitetemeka, nikarudi kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, kitaa chako nilikiona tangu kule juu, nikadhani na wewe umeniona."

Kesho yake nikanunua balbu ya H4, wati 60/55. Muuzaji alisema inaingia, na kweli iliingia baada ya kusugua masikio yake kwa tupa. Nilipoachia mafuta ikawa hafifu kuliko ile ya kwanza. Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki. Nilipofungua taa, holda ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na kikombe cha kurudisha mwanga kimepauka juu ya balbu, ile rangi ya fedha imebabuka.

Kijiweni wengine wanasema nifunge LED, wengine wanasema dawa ni rilei. Nimeshanunua rilei moja, nikaiunga kwenye waya wa taa kama nilivyoelekezwa, ikawa inalia kama nyuki ndani ya kopo. Nifanye nini?

Mkulima wa Mlalo

Pole sana ndugu yangu. Mimi nilifunga spoti mbili za LED kwenye ngao ya mbele, nikazitoa moja kwa moja betri na swichi yake pembeni. Mwanga ni kama mchana, hata nyani barabarani ninamwona kwa mbali. Sijajuta. Ila betri nimebadilisha mara mbili mwaka huu.

Dereva wa Kosta

Kijana wa Soni, pole, na mshukuru Mungu kwa huyo mama. Nimeendesha kosta barabara hiyo ya Lushoto miaka kumi na moja, na naomba niseme kitu kabla hujafika dukani.

Hizo spoti zinanitesa. Ninapandisha na abiria, anatokea mtu kwenye kona na spoti mbili nyeupe, zimeelekea juu, hana namna ya kuzishusha. Kwa sekunde mbili tatu siuoni ukingo wa barabara, na upande wangu huko ndiko kwenye korongo. Nikikanyaga breki wa nyuma yangu anashtuka. Nisipokanyaga naendesha gizani. Na mwenye pikipiki hajui kabisa kwamba amenipofusha, kwa sababu kwake kuna mwanga safi. Funga taa nzuri, unaihitaji kwa kazi yako, lakini iwe na dimu ya kweli. Nakuomba sana.

Fundi Mwakidila

Kijana wangu, umeeleza vizuri na ugonjwa umejitaja wenyewe. Tuupime lakini, tusikisie.

Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa ya mbele. Isipowaka, taa yako hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili ya magneti, yaani kile kizalisha umeme kinachozungushwa na injini, kwa umeme wa AC, ule unaogeuka-geuka mwelekeo. Magneti ikizunguka haraka umeme unakuwa mwingi, ikizunguka taratibu unapungua. Ndiyo maana nyutro inakuua: injini inanguruma polepole wakati pikipiki inakimbia mteremko mkali, na taa inafuata injini, haifuati magurudumu. Kabla hata ya kununua chochote, acha kushuka kwa nyutro. Ukishuka na gia ya pili au ya tatu injini inasaidia breki, na taa yako inapata chakula.

Sasa H4. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5, wakati balbu yako ya wati 35 inakula ampea 2.9 hivi. Koili ile ile, mdomo mkubwa zaidi, kwa hiyo injini ikishuka volti zinaanguka vibaya. Na balbu ya waya wa moto ina tabia moja ambayo watu hawaijui: ukiinyima asilimia 10 tu ya volti, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Huko kuyeyuka ni joto. Balbu uliyoitoa ni HS1, inafanana na H4 na plagi yake ya miguu mitatu ni ile ile, lakini masikio yametengenezwa tofauti makusudi ili usiweze kuichomeka. Tupa yako ndiyo iliyoondoa ulinzi huo. Hicho kikombe kilichopauka hakifai tena, mwanga wake utatawanyika ovyo hata uweke balbu ya dhahabu.

Kuhusu rilei kulia kama nyuki: rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme wa DC, ule wa betri unaokwenda upande mmoja. Umeilisha AC, kwa hiyo inavuta na kuachia mara nyingi kwa sekunde. Haijaharibika, iweke.

Nipe vipimo vitatu. Volti za betri injini ikiwa imezimwa. Volti za betri injini ikiwa na mafuta ya mwendo wa kawaida. Halafu weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, chomoa plagi ya magneti, mguu mmoja kwenye waya wa njano unaotoka magneti na mwingine kwenye chuma cha injini. Ikisoma omu chache, mwisho mmoja wa koili umetiwa athi ndani, yaani umeungwa kwenye chuma cha injini. Isiposoma kitu, mwenzangu, kazi yako ni nyepesi.

Kijana wa Soni

Shikamoo fundi. Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Ufunguo ukiwa umewashwa bila injini taa haiwaki kabisa, honi na indiketa zinafanya kazi. Betri 12.5. Nikitia mafuta 13.1, haipandi zaidi. Waya wa njano kwenye chuma inasoma omu moja na kidogo.

Na nyutro nimeiacha tangu jana usiku.

Fundi Mwakidila

Marahaba. Vizuri sana.

Basi koili yako ina athi ndani, na mfumo unagawana umeme nusu kwa nusu: nusu ya wimbi inakwenda kwenye taa, nusu inakwenda kuchaji betri. Hapo ndipo jibu la ndugu yetu wa Mlalo linapoelezeka. Ukifunga LED kwenye betri bila kugusa magneti, unachukua mzigo wa taa unaupeleka kwenye betri ndogo ya ampea-saa 5 inayochajiwa na nusu ya umeme tu. Itafanya kazi wiki, mwezi, kisha unasukuma pikipiki asubuhi.

Mimi ningefanya hivi. Fungua kifuniko cha magneti, lakini nunua gasketi mpya kwanza, na ulaze pikipiki upande mwingine ili oili isimwagike. Utaona waya mwembamba wa shaba wa koili ya kuchaji umelehemiwa kwa risasi kwenye chuma cha stata, ile sehemu ya magneti isiyozunguka. Ubandue hapo taratibu, uunge waya mzuri unaovumilia joto na oili, uvalishe mpira, uutoe nje pamoja na ule wa njano. Koili ya kuwashia plagi na kile kipande kidogo kinachohesabu mzunguko usiviguse. Sasa una ncha mbili ambazo hazigusi bodi. Zote mbili ziingie kwenye rektifaya ya wimbi zima, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC, yenye waya mbili za njano, mmoja mwekundu na mmoja wa athi. Ile ya zamani itoe. Ukimaliza, rudia kipimo cha omu: njano kwa chuma isisome kitu chochote. Ikisoma, usiwashe injini, rudi ndani.

Hapo umeme wote wa magneti unapita kwenye betri, na taa inakula DC. Ule waya uliokuwa unaleta AC kwenye swichi ya fulu na dimu ukate, uchukue mwingine kutoka kwenye waya unaopata umeme ukiwasha ufunguo, kama ule wa honi.

Kuhusu rilei: kwa LED ya wati 20, ambayo ni ampea 1.7 hivi, si lazima. Lakini swichi za pikipiki ya miaka minne zina kutu, na mimi napenda taa ipate volti zake safi, kwa hiyo nafunga mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Mguu 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Mguu 87 unakwenda kwenye balbu. 86 unatoka kwenye swichi. 85 ni athi. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, usiweke ya 20 kwa sababu ndiyo uliyoipata dukani. Athi ya taa ipeleke kwenye hasi ya betri kwa waya wake, usiiamini fremu yenye rangi na kutu.

Shingo ya usukani ndipo waya zinapofia. Acha ulegevu, kisha zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho huku unatazama kwa tochi kama kuna waya unaobanwa au kuvutwa.

Nunua taa nzima mpya na kikombe chake. Chagua balbu ya LED ambayo chipu zake zimekaa pale pale ulipokuwa waya wa balbu ya zamani, na ikishaingia chipu zitazame kushoto na kulia, zisitazame juu na chini. Ikipinda kidogo tu, dereva wa kosta atakulaani. Tazama pia kioo: zipo taa zinazotoka nchi wanakoendesha kulia, na dimu zake zinanyanyua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Sisi tunataka inyanyuke kushoto, kwenye ukingo, alipokuwa anatembea yule mama. Na rangi usichukue ile inayokaribia bluu. Kwenye ukungu wa huko kwenu mwanga wa njanonjano hausumbui macho sana kama huo wa bluu, na fulu usiwashe kabisa, inakurudia usoni.

Mwisho, kupanga. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umekaa juu yake na matenga yako yamefungwa, yamejaa. Chora mstari kwa chaki kwenye kimo cha katikati ya taa. Ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 5 hadi 7 chini ya mstari huo. Wengi wanapanga pikipiki ikiwa tupu, kisha mzigo unakandamiza nyuma na taa inatazama angani.

Dereva wa Kosta

Hilo la kupanga na mzigo ningependa kila kijiwe kilisikie. Asante fundi.

Kijana wa Soni

Wakuu, nimerudi. Imechukua siku mbili, na stata nililehemu kwa msaada wa yule jirani wa redio, mkono wake umetulia kuliko wangu. Mara ya kwanza njano ilisoma omu kwenye chuma. Tulifungua tena tukakuta kijiti cha shaba, chembamba kama unywele, kimebaki kinagusa bati. Tukakikata, mita ikanyamaza.

Sasa betri inasoma 14.0 nikitia mafuta, taa ikiwa imewaka. Injini ikinguruma taratibu ni 12.9 na mwanga haubadiliki. Nimepanga ukutani kwa dispensari, matenga yote mawili yana karoti. Jana nimeshuka Mombo na kurudi mara mbili kwa dimu, gia ya pili. Pale pale kwenye ile kona niliona majani ya ukingoni, jani mojamoja, na mbwa amelala kwenye mtaro. Kosta ilipandisha, sikusikia honi ya kulalamika.

Kitu kimoja tu fundi: taa ya spidomita imekufa. Ni balbu?

Fundi Mwakidila

Hongera sana kijana wangu, kazi ya stata si ya kila mtu. Si balbu. Spidomita ilikuwa inakula ile AC ya zamani, na sasa waya ule hauna kitu. Uunge kwenye huu wa ufunguo. Ila nenda sasa hivi ukaangalie taa ya nyuma, ile inayowaka muda wote, maana mara nyingi inatoka tawi moja na spidomita. Ilikuwa juu yangu kukwambia tangu mwanzo.

Kijana wa Soni

Nimetoka nje kuangalia. Ya breki inawaka, ya kudumu haiwaki. Ina maana jana nimepandisha mara mbili na abiria mgongoni bila taa ya nyuma. Matenga nimeyashusha, nimempigia mwenye mzigo kwamba nitachelewa. Naunga kwanza.