Naomba ushauri: ngozi ya banjo inalegea na kukaza kila hewa ikibadilika

Habari zenu wakuu. Banjo yangu imewambwa ngozi halisi ya ndama. Mvua zikianza, ngozi inafyonza unyevu na kulegea, kidaraja (kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya ngozi) kinazama, nyuzi zinakwaruza shingoni na sauti inafifia kama imefunikwa blanketi. Juzi nikakaza nati zote zinazoivuta ngozi. Jua lilipowaka ngozi ikajivuta mno, nyuzi zikapanda juu, nikalegeza haraka kwa hofu ya kupasuka.

Najua ya plastiki haisumbuliwi na unyevu, ila ule mlio laini wa ngozi naupenda sana, siwezi kuuacha.

Wenye uzoefu, mnakaza na kulegeza kila mara, au mnabadilisha kidaraja, kirefu wakati wa mvua na kifupi wakati wa kiangazi? Na kuipasha ngozi kwa joto la taa kabla ya kupiga, ni salama?