Ule wimbo wa Babu wa kwenye kanda

Salma: Shikamooni wote. Baba Mdogo, jana nimekutana na wimbo wa zamani, jamaa anaanza kwa kulisalimia giza kama rafiki yake. Nimeurudia mara sita. Ndio ule wa Babu?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Ndio wenyewe, "The Sound of Silence". Umesikia wa wenyewe, wale Wamarekani wawili Simon na Garfunkel, au ule wa kunguruma, wa bendi ya roki Disturbed wa 2015?

Salma: Nilianza na wa kunguruma, ndipo nikawatafuta wenyewe.

Baba Mdogo: Basi tulia nikusimulie. Walipourekodi, Machi 1964, Paul Simon alikuwa na miaka 22. Alizoea kujifungia bafuni na gitaa, anazima taa, anafungulia bomba maji yachuruzike, maana vigae vinarudisha sauti vizuri. Kila nikiusikia ule mwanzo naliona lile bafu. Santuri ikatoka, haikununuliwa. Wakaachana, Simon akaenda zake Uingereza.

Juma: Wimbo kama ule haukununuliwa??

Baba Mdogo: Haukununuliwa. Juni 1965 mtayarishaji wao, Tom Wilson, Mmarekani mweusi, akaingia studio New York na wapigaji wengine. Akapachika gitaa la umeme, besi na ngoma juu ya sauti zilezile za zamani. Wenyewe wala hawakuulizwa! Januari 1966 ukashika namba moja Marekani, wakarudiana.

Shangazi: Ngoma ziliufikisha mbali, sikatai. Lakini kilichoubakiza hadi leo ni pale anaposema juu ya watu wanaosikia wala hawasikilizi. Nilipofiwa, nyumba ilijaa wiki nzima, pole kila upande, na hakuna aliyeniuliza kama nimepata usingizi. Usiku wakishalala nauweka huo wimbo, taratibu, ndipo napata kulia.

Salma: Pole sana Shangazi. Sikujua.

Shangazi: Nimeshapoa mwanangu.

Baba Mdogo: Na zile sauti mbili zilivyoshikana! Wanaanza chini, kila ubeti wanapanda, mwishoni wanashuka tena.

Juma: Bibi ametuma sauti, namwandikia:
"Babu yenu Kiingereza hakukijua sana. Akirudi zamu ya usiku hawashi taa. Anachukua kanda, kama imelegea anaizungusha kwa penseli, ndipo anaitia kwenye redio. Ubeti wa kwanza katulia tuli. Ngoma zikiingia, kidole kinagonga mkono wa kiti. Miaka yote hiyo, palepale. Rangi imetoka."

Salma: Kile kiti cha barazani, Bibi? Si ndicho ninachokalia mimi!

Juma: Anasema hichohicho.

Salma: Bibi, nakutumia ule wa 1964, wa gitaa tupu. Juma msogezee simu.

Juma: Ameusikiliza wote, kafumba macho. Anasema, "Huu hauna ngoma. Nitumieni ule wa babu yenu."