Eti Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally, alikuwa dereva wa IT, wale wanaopeleka magari ya transit mpakani! Aliyesema hivyo nani alimruhusu aje Naivasha?

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya Coaster, hata Namanga hatujafika, mikono inatetemeka. Sitamtaja. Mnamjua. Yule yule wa kofia nyekundu anayejua kila kitu. Injini anajua, siasa anajua, mpaka mimba ya mke wa jirani aliijua kabla ya mwenye mke.

Tumetoka Hell's Gate kuangalia Safari Rally, vumbi bado limejaa masikioni, tumekaa tunakula. Nikasema neno dogo tu: rali ya siku hizi ni mbio za kuwahi chai. Mikondo yote ya mashindano, yaani vile vipande vinavyofungwa na kupimwa muda, ukijumlisha haifiki kilomita 400, jioni madereva wanarudi Naivasha kuoga. Safari ya zamani ilikuwa inavuka kilomita 5,000, usiku na mchana, Pasaka, mvua inanyesha, barabara haijafungwa, mbele unakutana na lori, ng'ombe na mlevi wa baiskeli.

Ndipo akasema. Nyama mdomoni. NYAMA NILIYOLIPIA MIMI. "Wale wazee hawakuwa wanashindana bwana, walikuwa wanasafirisha magari. Joginder alikuwa dereva wa IT mwenye helmeti."

Meza nzima ikacheka. Hata dereva wetu.

Dereva wa IT! Mtu aliyechukua Safari 1965 na Volvo iliyokwishatumiwa na wengine, akachukua tena 1974 na 1976 na Lancer! Baba yangu alikesha Mbulu kusubiri magari yapite, enzi hizo rali inaingia kwetu, haijabaki Kenya peke yake. Kwa hiyo mzee alikesha kusubiri IT? Na alivyosema hivyo akajilamba kidole. Mafuta ya nyama yangu.

Leo gari likivunjika Ijumaa, Jumamosi dereva anarudi kanyoa ndevu, anaendelea, eti kapigwa dakika kumi kwa kila mkondo aliokosa. Zamani ukivunjika umevunjika, unalala na fisi. 1963 yalimaliza magari saba. 1968 yakamaliza saba tena. SABA! Halafu mtu anatafuna nyama yangu ananiambia IT.

Kilo Moja na Nusu:
Mkuu, tuelewe kwanza. Shida ni rali au nyama?

Mleta uzi:
Vyote. Ila nyama imeniuma zaidi.

Kilo Moja na Nusu:
Naam, sasa tunaongea.

Fundi Gia:
Mleta uzi unachakachua hesabu. Za leo unahesabu mikondo tu, za zamani unahesabu mpaka njia ya kwenda chooni. Ukiweka na barabara za kuunganisha, hata ya sasa inapita kilomita 1,000. Na msidharau mbio fupi. 2021 dereva Neuville aliamka Jumapili anaongoza, akaingia mkondo wa Loldia, shokapu ya nyuma ikamfia, mpinzani wake Ogier akabeba kombe. Ile ardhi haina habari kama mkondo ni mfupi.

Mleta uzi:
Zamani barabara yote ilikuwa mashindano, ndiyo maana nahesabu yote! Unafika kituoni umechelewa, unaandikiwa dakika za adhabu. 1973 madereva Mehta na Källström walimaliza adhabu zikilingana, ikabidi waangalie nani alifika mbali zaidi kabla hajaandikiwa ya kwanza. Nenda kamwambie Mehta alikuwa anapeleka gari Tunduma. Huku unakula nyama ya mtu.

Dada wa Kasarani:
Mimi nilienda kuona pale Kasarani, magari mawili mawili, mkondo haufiki hata kilomita tano. Nimeinama kumfunga mtoto kamba za viatu, nikanyanyuka, wameshapita. Nauli ya familia nzima imeishia kwenye kamba za viatu.

Vumbi Tupu:
Afadhali wewe uliona kamba. Mimi nilisimama mkondo wa Kedong tangu asubuhi, nimeona vumbi la gari la kwanza, vumbi la pili, vumbi la tatu. Mshindi nilimjua nilipofungua simu. Na chumba cha Naivasha wiki ile bei yake unaweza kuoa.

Mzee wa Mombasa:
Wanaotaka ndefu si kuna ile ya magari ya kizamani? Ipo tangu 2003. Zaidi ya wiki nzima njiani, Datsun, Escort, Porsche. Nenda kaangalie, acha kulia kwenye basi.

Transit DSM:
Samahani wakuu. Mimi NI dereva wa IT. Dar mpaka Tunduma. Nimesoma uzi wote nasubiri mtu mmoja aseme IT ni kazi ya heshima, hakuna. Huyo Joginder alikuwa na mwelekezi pembeni anamwonyesha njia. Mimi pembeni nina mkungu wa ndizi.

Kilo Moja na Nusu:
😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

Transit DSM:
Joginder alipigwa tochi ya spidi wapi? Mimi kila kijiji kibao cha 50, askari katokea kwenye mahindi. Ikifika mwisho wa safari nimelipa faini kuliko posho.

Fundi Gia:
Hapo kwenye mahindi umenigusa. Juzi nimepigwa nikiwa 54. Hamsini na nne! Bajaji imenipita, haikuguswa.

Dada wa Kasarani:
Mimi walinipiga picha gari siyo langu. Namba yangu, gari la mtu mwingine. Nimekwenda kulalamika nikaambiwa nilipe kwanza ndiyo nisikilizwe.

Mleta uzi:
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Yuko siti ya mbele sasa hivi anawasimulia abiria wengine. Wanacheka.

Transit DSM:
Subiri kidogo mkuu. Dada, walikutumia picha au ujumbe tu?

Vumbi Tupu:
Nani anauza shokapu za IST za nyuma? Siyo za mitumba. Nimerudi na zangu zinalia tangu Kedong.

Fundi Gia:
Njoo Arusha, nitakufungia mpya. Nyama utanunua wewe.